Jinsi ya kuanzisha kituo cha sanaa na teknolojia kinachoendeshwa na wanajamii mjini Moshi

Kituo cha utamaduni kinachokutanisha sanaa na teknolojia mpya kinaweza kuanzishwa Moshi bila mfadhili mkubwa na bila jengo jipya, alimradi kazi ya kupanga zamu, ufunguo na daftari la fedha itangulie kazi ya kununua mashine. Vikundi vingi huenda kinyume chake. Mchango wa kwanza ukipatikana hununuliwa printa ya pande tatu au miwani ya uhalisia pepe, kisha kodi ya miezi sita inapokwisha hakuna anayejua deni ni la nani, na mashine huhamia nyumbani kwa mtu mmoja ambaye wenzake hawathubutu kumdai. Mwongozo huu umeandikwa kwa wasanii, mafundi, walimu na vijana wa Moshi wanaotaka kuwa na mahali pao pa kujifunza na kuonyesha kazi, na sehemu yake kubwa itawafaa pia walioko Arusha.

Watu kwanza, kisha swali

Kumiliki kitu kwa pamoja si jambo geni mjini hapa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Chuo cha ushirika kilichoanzishwa Moshi mwaka 1963 nacho kimekuwa chuo kikuu tangu 2014. Kabla ya hayo yote, na hadi leo katika vijiji vya mlimani, maji ya mifongo, yaani mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba, yamekuwa yakigawanywa kwa zamu: kila mfongo una watu wake wanaoutumia, una wazee wanaotangaza siku ya kusafisha mfereji, na asiyefika kazini hutozwa faini waliyokubaliana. Kituo chenu kiendeshwe kama mfongo. Anayetumia chumba ashiriki kukisafisha, anayetaka projekta aandike jina lake kwenye daftari la zamu, na msimamizi asijipe zamu ya pili wakati mwenzake hajapata ya kwanza.

Kutaneni watu kumi hadi ishirini kabla ya kumwita dalali wa nyumba, na hakikisheni kwamba hamtoki wote katika fani moja. Vijana wanne wanaojua kuandika programu wakikutana peke yao watatengeneza kitu ambacho ni wao tu watakaokielewa. Waongezeni fundi redio, mshonaji, mwanakwaya, mwalimu wa fizikia wa sekondari, msusi wa vikapu na bibi anayekumbuka nyimbo za mavuno, na mazungumzo yatabadilika siku hiyohiyo. Awepo pia mtu anayetembelea kiti cha magurudumu au asiyeona vizuri, ili mahitaji yake yajulikane kabla ya mkataba wa pango kusainiwa, kwa kuwa kubomoa ngazi baadaye ni gharama ambayo hakuna kikundi kichanga kinachoimudu.

Kikao cha kwanza kisijadili orodha ya vifaa. Kijadili swali moja ambalo kila aliyehudhuria anaweza kulifanyia kazi kwa ujuzi alio nao. Chukueni kwa mfano barafu ya Kibo, ambayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwa limefunikwa mwaka 1912. Mchoraji anaweza kuichora jinsi inavyoonekana alfajiri kutoka Pasua au Rau, mwanakwaya anaweza kuitungia wimbo ambao sauti zake zinanyamaza moja baada ya nyingine, na kijana wa kompyuta anaweza kuandika programu inayopunguza mwanga ukutani kadiri miaka inavyosonga. Au ulizeni ni mifongo mingapi iliyo hai katika kata fulani, na sauti ya maji yake inatofautianaje kipindi cha masika na kipindi cha kiangazi. Swali la namna hiyo ndilo litakalowaambia ni vifaa gani vinahitajika, na mara nyingi litawaonyesha kwamba simu tano na kinasa sauti kimoja vinatosha kwa miezi kadhaa ya mwanzo.

Usajili na ruhusa

Kwa kuanzia, sajilini kikundi cha kijamii kupitia Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya manispaa. Andaeni katiba fupi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuunda kikundi, orodha ya wanachama yenye sahihi zao na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waelezeni kwa kituo mtakachofanya, kwa sababu ndio watakaopigiwa simu na jirani siku muziki utakapozidi. Usajili huo utawawezesha kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na ikiwa ninyi ni kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, mtaweza pia kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo uchukuliwe kwa shughuli inayoingiza fedha, kama vile kurekodi kwaya au kuchapa picha, wala usitumike kulipia pango.

Mkishakuwa na mali, yaani kompyuta, samani na akiba, fikirieni kuhamia katika chama cha ushirika chini ya Sheria Na. 6 ya 2013. Shirika lisilo la kiserikali, linalosajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, linawafaa wanaotegemea ruzuku, lakini mimi naupendelea ushirika kwa sababu kila mwanachama ana kura moja hata kama hisa zake ni nyingi, na kwa sababu hesabu zake hukaguliwa na mtu wa nje. Wachoraji wa Tingatinga waliunda chama chao cha ushirika Dar es Salaam mwaka 1990, kwa hiyo njia hiyo si mpya kwa wasanii. Afisa ushirika wa halmashauri atawaambia idadi ya wanachama inayotakiwa na atasoma rasimu ya masharti yenu, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapahapa mjini.

Kwa upande wa sanaa, anzeni kwa afisa utamaduni wa manispaa, ambaye atawaelekeza kuhusu usajili na vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984. Anayetaka kurusha droni ili kupiga picha ya mashamba au ya mji anahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na asidhani kwamba udogo wa droni unamwondolea wajibu huo.

Jengo na umeme

Tafuteni chumba cha chini, karibu na stendi au soko, ili mtu anayetoka Kiboroloni au Majengo asilazimike kupanda gari mbili. Vyumba viwili vyenye ukuta katikati ni bora kuliko ukumbi mmoja mkubwa, kwa kuwa kurekodi sauti na kutumia msumeno haviwezi kukaa pamoja. Angalieni kama madirisha yanafungika, maana vumbi la kiangazi huua projekta haraka kuliko matumizi yenyewe, na ulizeni paa hufanyaje wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Mkataba uwe wa maandishi, useme wazi ni nani anayelipia matengenezo mtakayoyafanya, na utaje kwamba chumba kina mita yake ya Luku. Kuchangia mita na duka la jirani ni chanzo cha ugomvi usiokwisha.

Kabla ya kulipa, leteni fundi umeme aliyesajiliwa akague nyaya na hasa waya wa ardhini. Kisha pigeni hesabu ya matumizi yenu kwa wati. Kompyuta mpakato tano za wati 60 ni wati 300, projekta moja ni kama wati 300, na vyuma viwili vya kuchomea solda ni wati 100, jumla wati 700. Vikifanya kazi saa nne vitatumia uniti 2.8 za Luku. Kwa hesabu hiyo kila mwanachama anaweza kuona kwamba jioni nzima ya kazi hutumia umeme sawa na birika la wati 2,000 lililochemka kwa takriban saa moja na nusu, na ataelewa kwa nini birika halikubaliwi kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Nunueni stabilaiza kabla ya kompyuta ya pili, kwa kuwa umeme unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapoungua.

Sehemu ya kuchomea solda iwe karibu na dirisha, na kila anayechomea anawe mikono kabla ya kula, kwa sababu solda ya kawaida ina madini ya risasi. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu zina manufaa makubwa na hatari kubwa. Kila seli ipimwe kwa mita: ikijaa inatakiwa kusoma volti 4.2, na iliyoshuka chini ya volti 2.5 au iliyovimba isichajiwe tena kamwe. Zihifadhiwe kwenye sanduku la chuma mbali na karatasi, na mtungi wa kuzimia moto uwepo mlangoni pamoja na namba 114 ya Zimamoto iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Televisheni za zamani zenye kioo cha bomba zisifunguliwe na mtu asiye fundi, kwani huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.

Vifaa vya kuanzia na mahali pa kuvipata

Kompyuta mbili au tatu zilizotumika zinatosha, mradi zimewekewa programu huria: Blender kwa michoro ya pande tatu, Audacity kwa sauti, Pure Data kwa muziki unaoendeshwa na vihisi (vifaa vidogo vinavyohisi mguso, mwanga au sauti), na Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001 kwa ajili ya wasanii wanaotaka kuchora kwa kuandika programu. Programu hizi hazilipiwi, na faida yake nyingine ni kwamba zikishapakuliwa zinafanya kazi bila intaneti. Mtu mmoja apewe jukumu la kupakua miongozo na programu zote kwenye diski moja ya nje, ili kifurushi cha data kikiisha kazi isisimame.

Ongezeni bodi chache za Arduino, yaani vibao vidogo vya saketi vinavyoandikiwa programu ili visome vihisi na kuendesha taa au mota. Bodi hii ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa wanafunzi wa ubunifu wasiokuwa wahandisi, na michoro yake iko wazi kwa yeyote, ndiyo maana zipo nakala za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri. Shuka jeupe la mtumba kutoka Soko la Memorial, likinyooshwa kwenye fremu ya mbao, ni skrini nzuri kabisa. Spika, mota, swichi na waya mtavipata kwa mafundi redio kwa bei ya vyuma chakavu, na hapo nasisitiza: fundi asichukuliwe kama duka tu. Mwalikeni afundishe, na mlipeni kama mnavyomlipa mwalimu mwingine yeyote. Kijana aliyesoma VETA anajua nadharia ya saketi, lakini fundi aliyekaa miaka kwenye kibanda chake anajua kusoma ubao ulioungua kwa kuunusa na kuutazama, na maarifa hayo hayapo kwenye video yoyote.

Printa ya pande tatu subirini. Inahitaji nyuzi za plastiki zinazoagizwa, inahitaji umeme usiokatika kwa saa nyingi mfululizo, na katika kituo kichanga huwa inatoa vinyago vidogo ambavyo mchongaji wa mtaani angevichonga vizuri zaidi.

Kazi ya kwanza: ngoma inayozungumza na mwanga

Napendekeza kazi ya kwanza iwe ndogo, iishe kwa siku mbili, na iunganishe angalau fani tatu. Ngoma yenye kihisi inafaa sana, na nitaieleza kwa kina ili iweze kufanywa na kikundi ambacho hakijawahi kugusa Arduino.

Tafuteni kihisi cha piezo, yaani kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya kengele za saa na vifaa vya kuchezea vya watoto. Kina waya mbili. Mwekundu uungeni kwenye tundu la A0 la Arduino, mweusi kwenye tundu la GND, kisha kati ya waya hizo mbili wekeni rezista ya megaohm 1. Rezista hiyo hailetwi kwa ajili ya urembo: pigo kali la ngoma linaweza kukifanya kisahani kitoe volti nyingi kuliko bodi inavyoweza kuvumilia, na rezista huziteremsha. Bandikeni kisahani kwenye ngozi kwa utepe wa kitambaa, karibu na ukingo na si katikati, kwa sababu kikikaa katikati kitaizima sauti na mpigaji atalalamika, tena kwa haki.

Arduino itakisoma kihisi na kutoa namba kati ya 0 na 1,023. Bila kupigwa, ngoma itasoma karibu na sifuri. Ikiguswa kwa vidole itapanda kidogo, na ikipigwa kwa kiganja itaruka. Mwekeni mpigaji ngoma mbele ya kompyuta aone namba zake mwenyewe, na yeye ndiye aamue mwanga uanze kuitikia kwa namba ngapi. Mkianza na 100 mtakuwa karibu na sahihi, lakini ngozi mbichi ya mbuzi na ngozi iliyokaushwa kwenye moto kabla ya kupigwa hazisomi sawa, na mpigaji mzoefu atawaambia tofauti hiyo kabla ya mashine. Kisha namba zipelekwe kwa waya wa USB kwenye Processing, ambako kila pigo linachora duara kwenye shuka lenu jeupe, kubwa au dogo kulingana na nguvu ya mkono. Mshonaji anaweza kushona pazia, mwanakwaya anaweza kuitikia mwanga badala ya mwanga kumwitikia yeye, na hapo kazi inakuwa imeshaacha kuwa jaribio la umeme.

Anayetaka kuendelea amkaribishe msusi wa vikapu. Usukaji ni hesabu ya kupita juu na kupita chini inayorudiwa kwa mpangilio maalumu, na mtu anayejifunza kuandika programu atalielewa suala la kurudiarudia haraka zaidi akikaa na ukili mkononi kuliko akisoma maelezo. Ruwaza inayozalishwa na kompyuta irudishwe kwa msusi aisuke, aseme ipi inasukika na ipi haisukiki, na jina lake liandikwe kwenye kazi kama mbunifu mwenza.

Sauti na nyimbo za wazee

Hili ndilo eneo lenye utajiri mkubwa na ndilo lenye makosa yanayoumiza. Vijana wengi wanakuja na simu, wanarekodi wimbo wa Kimachame au hadithi ya Kivunjo, wanachanganya na midundo, na mzee anakuja kuusikia wimbo wa ukoo wake ukichezwa kwenye bajaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, lakini hata pasipo sheria, heshima inadai utaratibu.

Utaratibu wenyewe uwe hivi. Ziara ya kwanza kwa mzee ni ya kumsalimu na kujieleza, bila kinasa sauti. Anayemwendea awe anajua lugha yake, na kama ni kijana, afuatane na mtu mzima wa familia ile. Katika ziara ya pili elezeni kwa mifano sauti yake itatumikaje: kusikilizwa kituoni tu, kuchezwa kwenye onyesho, kuwekwa mtandaoni, au kutumiwa kufundishia programu za akili mnemba. Hayo ni mambo manne tofauti, na mzee ana haki ya kukubali moja na kukataa matatu. Idhini yake irekodiwe kwa sauti yake mwenyewe mwanzoni mwa rekodi, pamoja na kuandikwa. Baada ya kurekodi, familia ipewe nakala kwenye flashi au kadi ya simu kabla ya nakala kutumika popote. Wimbo wa mazishi, wa jando au wa tambiko usirekodiwe bila ukoo kukaa na kuafiki, hata kama mwimbaji mmoja amesema hapana shida.

Msidhani kwamba kudai haki ya namna hii ni kujipa makuu. Viongozi wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania, akiwemo Isaac ole Tialolo, wamekuwa wakidai kupitia jumuiya yao ya haki miliki kwamba kampuni zinazotumia jina na nembo za Kimaasai kuuza bidhaa ziombe ruhusa na kulipa. Kituo cha mtaani hakiwezi kuitaka dunia iheshimu utamaduni wake ikiwa chenyewe hakimheshimu bibi anayekaa mtaa wa pili.

Rekodi zihifadhiwe kwa muundo wa WAV, wala si wa MP3 unaopunguza ubora wa sauti, na kila faili lipewe jina lenye tarehe, mahali na maudhui. Nakala ziwe tatu, na moja isikae katika jengo hilohilo. Kumbukeni pia kwamba jina, sauti na picha ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo daftari la wanachama na rekodi zenu zisiachwe kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaifungua.

Akili mnemba mezani

Wanachama watataka kuitumia akili mnemba tangu siku ya kwanza, nami siungi mkono kuikataza. Naunga mkono kuichunguza kwa pamoja. Zoezi zuri ni kuiomba programu ya kuchora picha itoe "harusi ya Kichaga" au "soko la Mbuyuni saa moja asubuhi", kuzichapa picha hizo na kuzibandika ukutani, kisha kuwaalika wauzaji wa soko lenyewe waandike kwa kalamu kila kilichokosewa: vazi lisilovaliwa hapa, ndizi zilizofungwa kama hazijawahi kufungwa, mlima uliokaa upande usio wake. Ukuta huo uliojaa maandishi ya kalamu ni kazi ya sanaa inayostahili kuonyeshwa, na aliyeshiriki ataelewa kwamba mashine inajua kile ilicholishwa tu.

Kwa upande wa sauti, programu ya Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, inageuza maneno ya Kiswahili kuwa maandishi na inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yenu bila intaneti, jambo linalofaa mnapokuwa na mahojiano yasiyotakiwa kutoka nje. Kila ukurasa inaoandika lazima usomwe na mtu huku akisikiliza rekodi. Lugha za Kichaga hazimo kabisa, na ikilishwa Kirombo itaandika kitu kinachofanana na Kiswahili bila kuwa na maana. Wanaotaka kuchangia Kiswahili wanaweza kusoma sentensi kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaokusanya sauti za watu za kuzifundishia kompyuta lugha, ila waelezwe mapema kwamba sauti zinazotolewa humo huwekwa chini ya leseni ya CC0, maana yake mtu au kampuni yoyote duniani inaweza kuzitumia bila kuomba wala kulipa. Wapo watakaofurahia kutoa kwa masharti hayo, na wapo watakaokataa. Wote wawili wamefanya uamuzi sahihi ikiwa wamejua.

Andikeni kwenye masharti yenu kanuni mbili tu kuhusu jambo hili. Rekodi za wazee haziingizwi kwenye programu yoyote ya mtandaoni bila idhini ya matumizi hayo mahususi, na kazi yoyote iliyosaidiwa na akili mnemba husema hivyo kwenye kibandiko chake cha maonyesho.

Ratiba, fedha na ufunguo

Ratiba iwe nyepesi kiasi kwamba inaweza kushikwa hata mwezi mbaya. Siku moja ya wiki iwe wazi kwa yeyote, siku moja iwe ya matengenezo ambapo watu wanaleta redio na simu zao mbovu, na mara moja kwa mwezi kuwe na jioni ya kuonyesha kazi, zikiwemo zisizokamilika. Wekeni Jumamosi asubuhi kwa wasichana, wakiwa na mkufunzi wa kike, kwa kuwa katika siku ya mchanganyiko kibodi huishia mikononi mwa wavulana. Watoto wasibaki chumbani na mtu mzima mmoja peke yake; wawepo wawili daima. Jioni ya maonyesho imalizike mapema ili wanaokaa mbali wapate usafiri.

Fedha zitoke sehemu zaidi ya moja. Ada ya mwanachama iwe ndogo na ya kila mwezi, na asiyeweza kulipa afanye zamu ya kusimamia chumba ikahesabiwa kuwa ada. Kurekodi kwaya, kuskani picha za zamani za familia na kukodisha projekta kwenye sherehe ni huduma ambazo watu wa Moshi wako tayari kuzilipia. Kila jioni ya maonyesho mapato na matumizi ya mwezi yabandikwe ukutani, kwa namba kamili, pamoja na salio la Luku. Nimeona vikundi vikivunjika kwa tuhuma ambazo karatasi moja ukutani ingeziondoa.

Funguo ziwe tatu, zikae kwa watu wasio ndugu, na zibadilishwe mikono kila baada ya miezi mitatu mbele ya wanachama, huku kila anayekabidhi akisoma orodha ya vifaa kimoja kimoja na anayepokea akiweka sahihi. Waanzilishi nao wawekewe ukomo wa uongozi, kwa mfano vipindi viwili, na neno la siri la akaunti za kituo liwe limeandikwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina, si kwenye simu ya mwenyekiti. Mwisho, katiba iseme tangu siku ya kwanza kwamba kituo kikivunjwa, kompyuta na projekta zitakabidhiwa shule ya sekondari ya serikali iliyotajwa kwa jina, na rekodi zote za wazee zitarudishwa kwa familia zilizozitoa.